Sura ya Sita: Flashi Inapogoma Kuwasha Kompyuta

Mwalimu alishuka kwenye gari la Mishamo saa nne asubuhi, vumbi la safari limemkaa kwenye kitambaa cha kichwa. Alikuja moja kwa moja hadi steshenari yetu, amekumbatia begi la laptopu kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imekufa. Na flashi niliyopewa ya kupigia Windows nayo haitaki. Lakini flashi yenyewe ni nzima, jana tu nimesikiliza nyimbo za kwaya kutoka humo humo."

Alikuwa anasema kweli. Flashi ilikuwa nzima, nyimbo zilikuwa zinalia, na bado kompyuta ilipoambiwa iwake kwa flashi hiyo ilijibu kwamba haioni kifaa chochote cha kuwashia. Katika kazi hii nimekutana na watu wengi waliosimama mahali alipokuwa amesimama mwalimu yule: karani wa kijiji, mhasibu wa saccos, kijana wa chuo aliyerudi likizo. Wote wana flashi inayosoma vizuri na kompyuta isiyoikubali. Na wengi, kabla ya kufika kwa fundi, wamekwishaambiwa na mtu fulani kwamba laptopu imeungua ubao mama.

Mpanda ni mji wa mbali. Mkoa wetu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na mtu wa Mishamo, Karema au Inyonga anayeleta kompyuta mjini ametumia nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi. Fundi akibahatisha, gharama ya kubahatisha huko anailipa mwenye kompyuta. Ndiyo maana katika sura hii sitakupa orodha ya mambo ya kujaribu moja baada ya jingine mpaka bahati ikuangukie. Nitakufundisha kuuliza swali moja: safari imekatikia stesheni gani?

Safari na stesheni zake

Mkazi wa Mpanda anaijua reli. Treni ikitoka Tabora inafika Kaliua, na hapo njia inagawanyika: moja inaendelea Kigoma, nyingine inashuka kilomita 210 kuja kwetu. Waingereza walianza kulijenga tawi hili mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa. Mgodi ulikufa, reli ikabaki. Sasa mfanyabiashara mwenye mzigo uliochelewa hasemi tu kwamba treni mbovu. Anapiga simu: imetoka Tabora? Imefika Kaliua? Imevuka Ugalla? Akipata jibu anajua amtafute nani.

Kompyuta nayo inawaka kwa safari. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyokaa kwenye ubao mama inaamka kwanza. Zamani ilikuwa BIOS, siku hizi ni UEFI, ingawa mafundi wengi tunaendelea kuiita BIOS kwa mazoea. Inajikagua, inahesabu kumbukumbu, kisha inatazama vifaa vilivyochomekwa na kutafuta kimoja kinachoweza kuipokea kazi. Kikipatikana inakikabidhi usukani, nacho kinapakia programu ya usakinishaji, nayo programu hiyo inatafuta diski ya kuweka mfumo mpya.

Flashi ya kuwashia ina stesheni tano katika safari hiyo: faili ulilolipakua, flashi yenyewe, namna faili lilivyoandikwa kwenye flashi, mlango wa kompyuta, na mwisho diski ya ndani. Kila stesheni ina magonjwa yake na dalili zake. Tuzipitie kwa mpangilio huo, ingawa kwa mgonjwa aliyeko mezani utaanzia pale skrini inapokuonyesha.

Stesheni ya kwanza: faili

Faili la ISO ni picha kamili ya diski iliyofungwa ndani ya faili moja. La Windows 11 linazidi GB 5. La Linux Mint linakaribia GB 3. Kwa watu wanaonunua bando, huo ni mzigo. Matokeo yake ni kwamba faili moja linapitishwa mkono kwa mkono mjini, kutoka fundi huyu hadi fundi yule, na hakuna anayejua lilitoka wapi wala kama lilifika zima.

Mwaka mmoja nilipata faili la namna hiyo. Nililitumia kwenye mashine tatu kwa wiki moja. Kila mara usakinishaji ulianza vizuri, nembo ikatokea, asilimia zikapanda, kisha ukasimama katikati na kuandika kosa 0x80070570. Nikaamini ni diski za wateja. Mteja mmoja nilimshauri anunue diski mpya, akanunua, na ikasimama pale pale. Usiku ule ndipo nilipolipima faili kwa mara ya kwanza, nikakuta ni bovu. Nilimrudishia fedha ya diski, na tangu siku hiyo silitumii faili ambalo sijalipima.

Kulipima ni kazi ya dakika mbili. Watengenezaji wa mifumo huchapisha alama ya SHA256 kwa kila faili: mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo ndani yake. Ikibadilika hata baiti moja, alama nzima inabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda lenye faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha jibu na alama iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zikifanana, stesheni ya kwanza imepita na huna sababu ya kuirudia. Zisipofanana, usiendelee, huko mbele utakuwa unapoteza muda tu. Iandike alama hiyo kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na faili, ili fundi mwenzako akija kuliomba uligawe na ushahidi wake.

Kuhusu bando: pakua kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia mtandao ukikatika, na pakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Faili la "Windows iliyoboreshwa" lenye jina refu la mtu usiyemjua linaweza kubeba wezi wa nywila ndani yake, na wewe ndiye utakayekuwa umewaingiza kwenye kompyuta ya shule au ya zahanati.

Stesheni ya pili: flashi yenyewe

Flashi zimejaa madukani, na nyingine zinadanganya. Nje imeandikwa GB 64, au hata TB 2 kwa bei ya soda chache, lakini ndani kuna kumbukumbu ya GB 8. Chipu inayoiongoza imepangwa iiambie kompyuta uongo kuhusu ukubwa. Ukiweka nyimbo thelathini hutaona tatizo, maana zinaingia kwenye sehemu iliyopo kweli. Ukiweka GB 5 za Windows juu ya vitu vingine, data inapofika ukingoni inaanza kuandikwa juu ya ile ya mwanzo au inapotea kabisa, na flashi inaendelea kusema kila kitu kimehifadhiwa.

Kwa hiyo flashi mpya ipime siku ile ile uliyoinunua, kabla ya kuipa kazi. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotoka kwenye jarida la Ujerumani la c't. Kwenye Linux kuna f3. Zote zinafanya kazi moja: zinaijaza flashi mpaka mwisho, kisha zinasoma kila kitu tena na kulinganisha. Inachukua muda, hasa kwa flashi ya polepole, lakini unaweza kuiacha ikifanya kazi wakati unachapa barua za watu.

Kuna na uchakavu wa kawaida. Flashi iliyopinda, inayochemka hadi huwezi kuishika, au inayopotea na kurudi ukiigusa, iachie nyimbo. Ya kazi iwe nyingine, ya GB 16 halisi, isiyotumika kwa jambo jingine lolote.

Stesheni ya tatu: uandishi

Hapa ndipo alipokwama mwalimu wa Mishamo, na ndipo wanapokwama wengi.

Niliifungua flashi yake kwenye kompyuta yangu. Ndani kulikuwa na folda la kwaya, na pembeni faili moja kubwa lenye jina linaloishia na .iso. Aliyempa alikuwa amelinakili kama anavyonakili wimbo. Lilikuwa zima, nililipima, alama zikafanana. Lakini kompyuta inapoamka haijui kufungua faili la ISO. Inatafuta vitu vichache tu, mahali maalumu.

Kompyuta ya mtindo wa zamani inasoma baiti 512 za mwanzo kabisa za flashi. Inatazama baiti mbili za mwisho kati ya hizo, zinazotakiwa kuwa 55 na AA. Zikiwepo, inayachukua maelekezo yaliyotangulia na kuyatii. Zisipokuwepo, inaipita flashi na kwenda kwenye kifaa kinachofuata. Kompyuta ya UEFI haihangaiki na baiti hizo. Inatafuta sehemu iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT, humo inatafuta folda liitwalo EFI, ndani yake folda la BOOT, na ndani yake faili la bootx64.efi. Flashi ya mwalimu haikuwa na kimojawapo. Kuichomeka na kusubiri ilikuwa sawa na kumpa mpishi gunia la mahindi yaliyofungwa na kutarajia ugali mezani.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la stesheni hii halihitaji hata kuwasha mashine ya mteja. Fungua flashi kwenye kompyuta nyingine. Ukiona faili moja la .iso, haijaandikwa, imenakiliwa. Ukiona mafolda ya boot, efi na sources pamoja na faili la setup, hiyo ni Windows iliyoandikwa.

Kuandika kunafanywa na programu maalumu. Mimi natumia Rufus, programu ndogo ya bure ya Pete Batard isiyohitaji hata kusakinishwa. Unachagua flashi, unachagua ISO, kisha yanakuja maswali mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni mpangilio wa sehemu: GPT au MBR. Kwa kompyuta za kuanzia mwaka 2012 hivi chagua GPT na UEFI. Kwa zile za zamani zaidi, MBR na BIOS. Flashi ya mtindo mmoja ikichomekwa kwenye mashine ya mtindo mwingine haitaonekana kwenye menyu, au itaonekana na kukataa.

La pili ni mfumo wa mafaili. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na ndani ya ISO za Windows za siku hizi faili la install.wim mara nyingi linazidi hapo. Mtu anayefomati flashi kwa FAT32 na kunakili mafaili kwa mkono anakwama kwenye faili hilo. Anaambiwa ni kubwa mno, analiruka, na baadaye usakinishaji unaanza na kufa kwa kukosa kilicho muhimu kuliko vyote. Rufus inalitatua kwa kufomati NTFS na kuongeza kisehemu kidogo cha FAT pembeni kinachoisaidia UEFI kusoma NTFS. Kwa hiyo ukiona flashi yako imezaa kisehemu cha ajabu kisichofika MB 2, kiache, kina kazi yake.

Ventoy, iliyotoka mwaka 2020, inafuata njia nyingine: unaiandaa flashi mara moja, kisha unanakili ISO nyingi upendavyo kama nyimbo, na wakati wa kuwasha unachagua kwenye menyu. Kwa fundi wa mji mdogo anayehudumia mashine za kila aina ni msaada mkubwa.

Flashi za Linux zina fumbo lao. Ukishaandika baadhi yake, Windows ikiisoma flashi hiyo inaweza kukuomba uifomati, au ikaonyesha GB 16 zimebaki MB chache. Watu wamezitupa flashi nzima kwa sababu hiyo. Haijafa, imegawanywa kwa namna ambayo Windows haiielewi. Ukitaka kuufuta mgawanyo huo ili uifomati upya, fungua diskpart kwenye dirisha la amri, andika list disk, chagua flashi kwa select disk na namba yake, kisha clean. Hapo simama kabla ya kubonyeza Enter. Soma ukubwa tena. Diski ya mteja ya GB 500 na flashi ya GB 16 zinatofautiana kwa tarakimu moja tu kwenye amri yako, na clean haiulizi mara mbili.

Na kabla ya kuandika flashi yoyote, muulize mwenyewe kuna nini ndani, maana kuandika kunafuta vyote. Nyimbo za mwalimu nilizihamisha kwanza. Nilipomaliza nilimwambia asizirudishe humo: redio nyingi na sabufa za nyumbani zinasoma FAT32 tu, angeichomeka flashi ya NTFS akadhani redio imeharibika. Akanunua ya pili kwa ajili ya kwaya.

Jambo la mwisho hapa ni umeme. Kwa miaka mingi Mpanda tuliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na kila aliyefanya kazi kipindi kile anajua maana ya kukatikiwa katikati. Andika flashi kwenye laptopu yenye betri nzima, na baada ya kuandika itoe kwa utaratibu, usiichomoe ghafla. Asilimia 100 kwenye skrini haina maana kwamba baiti ya mwisho imeshafika.

Stesheni ya nne: mlango

Sasa flashi iko sawa. Kompyuta inapaswa kuambiwa iitazame. Kila kampuni ina kitufe chake cha menyu ya kuwashia: Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc kisha F9, Asus ni Esc au F8, Acer ni F12 lakini mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya mipangilio kwa kuingia na F2. Gusagusa kitufe mara tu baada ya kuwasha, usisubiri nembo.

Kama Windows iliyomo bado inafanya kazi, jua kwamba kuanzia Windows 8 kuzima kwa kawaida si kuzima kabisa. Mashine inalala nusu ili iamke haraka, na vitufe vinaweza kupuuzwa. Shikilia Shift unapochagua kuwasha upya, utapata menyu ya kuchagua kifaa.

Flashi isipoonekana, badilisha tundu. Tumia tundu la kwenye mashine yenyewe, si la kigawanyio. Kama unaweka Windows 7 kwa sababu ya programu ya zamani, epuka tundu la bluu la USB 3.0: programu ya usakinishaji ya mfumo huo haina draiva yake, itawaka kisha itadai haioni chombo ilichotoka.

Ukiona onyo la ukiukaji wa usalama, umekutana na Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zilizotiwa saini tu. Ventoy kwenye mashine kama hiyo itakuletea mara ya kwanza skrini ya bluu ya kusajili ufunguo wake. Fuata hatua, mara moja inatosha. Unaweza pia kuzima ulinzi huo kwa muda, lakini kwanza uliza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya zinajifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mipangilio zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Utafute kabla hujagusa kitu.

Laptopu za mtumba zina mambo mawili zaidi. Nyingine zinakuja na nywila ya BIOS ya ofisi ya Ulaya iliyozitumia, na huwezi kubadilisha mpangilio wowote. Hilo lichunguze kabla ya kununua. Nyingine zina betri ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, iliyokwisha. Utaijua kwa tarehe inayorudi nyuma miaka kila ukiichomoa kwenye umeme, na mpangilio uliouweka jana leo haupo.

Stesheni ya tano: diski

Programu ya usakinishaji imewaka, umechagua lugha, umefika mahali pa kuchagua diski. Hapa hatari ni kubwa kuliko kote, kwa sababu flashi imeshatii na fundi amechoka, anataka kumaliza.

Wakati mwingine orodha ni tupu. Kwenye laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski inasimamiwa na teknolojia iitwayo VMD, na programu ya Windows haina draiva yake. Diski haijafa. Pakua draiva hiyo kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, ifungue kwenye folda ndani ya flashi, kisha chagua kupakia draiva.

Wakati mwingine diski inaonekana, lakini skrini inasema haiwezi kupokea Windows kwa kuwa imegawanywa kwa mtindo wa GPT. Sentensi hiyo naiheshimu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Nilipoiona sentensi ile nilifanya nilichokuwa nimewaona wengine wakifanya: nilifuta sehemu zote mpaka diski ikakubali. Windows ikaingia vizuri. Pamoja na sehemu zile niliifuta hesabu ya marobota ya msimu mzima. Wakulima walikuwa na stakabadhi zao za karatasi, na karani alikaa wiki mbili akiingiza namba upya, moja moja. Hakunipigia kelele. Alinipa hela yangu akaondoka, na sura yake ninaikumbuka mpaka leo.

Kilichonisumbua zaidi ni kujua baadaye jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Sentensi ile haisemi diski ni mbovu. Inasema flashi imewaka kwa mtindo wa zamani na diski ni ya mtindo mpya. Dawa ilikuwa kuzima, kurudi kwenye menyu ya kuwashia, na kuchagua mstari wa flashi ile ile unaoanza na neno UEFI. Menyu nyingi zinaionyesha flashi mara mbili kwa sababu hiyo. Ningechagua mstari wa pili, diski ingekubali bila kufutwa.

Kwa hiyo nina sharti moja nisilolivunja. Kabla ya kusakinisha chochote kwenye mashine yenye kazi za mtu, nawasha kwanza Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Inawaka, inafungua diski ya ndani kama flashi nyingine, nami nanakili mafaili ya mteja kwenda diski ya pembeni, mbele ya macho yake. Kwa mwalimu yalikuwa GB 11: folda la MATOKEO, maandalio ya masomo, picha za mahafali. Alipoona yamefika aliketi vizuri kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Mint hiyo hiyo inaweza kuwa jibu lenyewe. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kipengele cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa Intel zinaanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba mkoani hazifikii. Usimlazimishe mteja kununua nyingine. Mwonyeshe Mint ikifanya kazi kutoka kwenye flashi, afungue barua yake, achapishe ukurasa mmoja, kisha aamue mwenyewe. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Kusoma skrini

Mgonjwa akiwa mezani, anza na unachokiona.

Flashi haipo kabisa kwenye menyu: rudi stesheni ya pili, ya tatu na ya nne. Ijaribu kwenye mashine nyingine; ikiwaka huko, tatizo ni mlango wa hii.

Ipo kwenye menyu, ukiichagua skrini inakuwa nyeusi au inarudi kwenye menyu: ni uandishi, au mtindo usiolingana.

Onyo la usalama: Secure Boot.

Inawaka, asilimia zinapanda, inasimama na kosa la 0x80070570 au 0x8007025D: faili au flashi. Pima vyote viwili kabla ya kuilaumu diski ya mtu.

Inawaka mpaka mwisho, kisha inaanza usakinishaji upya kila ikijiwasha: hukuichomoa flashi ilipojiwasha mara ya kwanza, na kompyuta inaendelea kuitii.

Laptopu ya mwalimu ilikuwa HP yenye prosesa ya kizazi cha 8. Baada ya kuhifadhi mafaili na kuiandika flashi, tulibonyeza Esc, F9, tukachagua mstari wa UEFI, na ndani ya saa moja Windows 11 ilikuwa imeingia. Aliniomba nimwelezee kila hatua kwa Kiswahili, akaziandika nyuma ya daftari la maandalio: stesheni tano, na dalili za kila moja. Aliwahi gari la saa nane.

Muhula uliofuata alinipigia simu. Kompyuta ya mwalimu mwenzake ilikuwa imegoma.

"Imewaka kwa flashi vizuri," alisema, "imefika sabini na kitu, ikaandika kosa linaloishia na 570."

"Flashi mmeipima?"

"Tumeijaza yote tukaisoma tena, ni nzima. Mafaili ya mwenzangu tumeshayatoa. Nadhani tuko stesheni ya kwanza."

Nilimwambia ampe dereva wa gari la asubuhi flashi ile. Ilirudi Mishamo jioni ikiwa na faili jingine lililopimwa, na alama yake ya herufi 64 nimeiandika kwenye karatasi niliyoizungushia na kuifunga kwa mpira.